Koti la Mzee Ezekia

"Vua hilo koti! Nimesema vua!"

"Sivui. Kwani ni la baba yako?"

"Ni la marehemu! Tumemzika juzi tu, leo umeshalivaa unakatika nalo uani kama uko harusini. Huna haya hata ya kuazima?"

"Haya ya kuazima! Jamani njooni msikie, Mfaransa wa Gitega ananiuliza haya!"

Ungekuwa unapita Chemchem asubuhi ile ya Alhamisi, ungesimama tu, usingejizuia. Hata muuza maji aliegesha baiskeli yake. Ua wa Mzee Ezekia ulikuwa umejaa watu wa matanga, wanawake jikoni nyuma ya nyumba, wanaume kwenye viti vya plastiki vya kanisa la Moravian, na katikati ya ua, mwanamke wa miaka sitini na kitu amevaa koti la khaki la reli linalomfika magotini, kofia ya marehemu kichwani na fimbo ya marehemu kwapani. Huyo ndiye Bi Shamila, Mzaramo wa Kisarawe aliyeolewa Tabora miaka arobaini iliyopita na kubaki hapo hapo hata baada ya mume kufa.

Alikuwa akimwigiza marehemu. Alikohoa kikohozi chake, kile cha mara tatu na kutema pembeni. Alitembea mwendo wake, mguu wa kushoto ukichelewa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mdogo, akauinua juu.

"Mnalia nini nyie? Mnamlilia mchoyo huyu? Kafa na ufunguo wa kabati la sukari mfukoni! Huko aliko anauliza nani kapika chai!"

Na kabla hujajua nini kimetokea, Esperansi Nibitanga, Mrundi wa Gitega, mwalimu wa Kifaransa, mpangaji wa chumba cha pili kutoka lango, alitupa ndoo ya maji chini, akavuka ua kwa hatua nne, akashika mkono wa koti na kuvuta. Mshono ukaachia begani. Kila mtu alisikia ule mchaniko. Hakuishia hapo. Alimvua bibi wa watu koti lote, akamsukuma mpaka langoni, akamtoa nje na kufunga komeo.

"Usirudi hapa," alisema, akihema. "Mtu mzima ovyo."

Aligeuka akitegemea japo mmoja amwambie asante. Wale akina mama waliokuwa wakicheka sekunde chache kabla walikuwa wameshika vinywa. Mzee mmoja wa kanisa aliinuka, akachukua kofia yake, akaketi tena asijue aelekee wapi.

Hasira za Esperansi hazikuanza siku ile, usimwonee. Zilikuwa na miezi minane.

Alikuja Tabora kwa mkataba, na pasipoti, na kibali cha kazi, kufundisha Kifaransa katika shule moja ya binafsi. Aliyasema haya mara nyingi mpaka akachoka, kwa sababu kila alipofungua kinywa, lafudhi yake ikasikika, mtu alimuuliza swali lile lile: "Kumbe wewe ni wa Ulyankulu?" Kwa vile Warundi wa Ulyankulu na Urambo walikuja wakikimbia vita, magodoro kichwani, tangu enzi za babu zao, kila Mrundi alikuwa wa huko. Karani alimuuliza. Fundi viatu alimuuliza. Mkuu wa shule, aliyesaini mkataba wake kwa mkono wake mwenyewe, naye alimuuliza. Esperansi alijibu kwa meno: "Hapana. Mimi nimekuja kwa mkataba."

Shule ilimpa nyumba nzuri yenye ukuta na geti. Miezi miwili alikula chakula akitazama ukuta. Jioni alisikia vicheko vya mtaa vikipita juu ya ukuta kama moshi wa jiko la watu wengine, na akawachukia waliokuwa wakicheka. Alichukia salamu zao zisizoisha, umeamkaje, habari za nyumbani, habari za kazi, za jana, za tangu jana. Alichukia kuambiwa "karibu tena" dukani wakati hata hajaondoka. Alichukia kuchelewa kwa kila kitu isipokuwa udaku.

Mzee Ezekia ndiye aliyemtoa mle. Alikutana naye sokoni akigombana na muuza asali, akamwambia mwuzaji kitu kwa Kinyamwezi, kisha akamgeukia: "Mwalimu, bei uliyopewa ni ya haki. Tatizo hujamsalimia. Rudi nyuma uanze upya." Esperansi alikasirika vibaya sana. Lakini alirudi nyuma, akaanza upya, na akatoka na asali yake na matobolwa ya nyongeza, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo hakuwahi kuvionja. Wiki mbili baadaye alikuwa na chumba Chemchem, uani kwa mzee, na kila asubuhi alipotoka kwenda shule salamu ya Kinyamwezi ilimfuata kutoka barazani: "Mwangaluka, mwalimu!" Asipojibu, mzee alirudia mpaka ajibu.

Sasa mtu huyo amekufa, na mwanamke mmoja anacheza na koti lake. Nani angevumilia?

"Umefanya nini, wewe?" Aliyeuliza ni Consolatha, mpangaji wa chumba cha tatu, msusi, mtu ambaye habari za mtaa hupitia kwake kwanza ndipo ziende kwa wenyewe. Alimvuta Esperansi nyuma ya tangi la maji.

"Nimefanya ambacho nyie wote mmeogopa kukifanya."

"Tumeogopa? Mwalimu, yule ni mtani!"

"Najua ni mtani. Mzee aliniambia. Wametaniana hapa miezi yote, hata Kwihara tulikwenda nao wakitukanana njia nzima. Lakini mtu amekufa, Consolatha! Kwetu mtu akifa watu hunong'ona. Utani unaishia kaburini."

Consolatha alimtazama kama mtu anayetazama kichwa chenye nywele zisizosukika.

"Kwenu. Hapa ndipo unapoanza. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu misafara ya kwenda pwani. Walizikana njiani wale. Mtani ndiye anayewatukana wafiwa mpaka wacheke. Mtani ndiye anayezuia chungu mpaka apewe kitu cha marehemu. Leo tunaanua matanga. Mtani asipolivua koti yeye mwenyewe, mbele ya mjane, akasema yamekwisha, basi hayajaisha. Umemfukuza mwenye kazi yake."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Uliuliza?"

Hapo mlango wa nyumba kubwa ulifunguka. Mama Julieth, mjane, alitoka na kanga mbili nyeusi, macho makavu. Tangu Jumapili usiku hakuwa amelia, watu walikuwa wameshaanza kunong'onezana. Aliokota koti chini, akalikung'uta vumbi, akatazama pale begani lilipochanika.

"Shikamoo, mama," Esperansi alisema.

"Marahaba. Nenda kwake Kitete kamrudishe."

"Mama, mimi nilikuwa nakutetea..."

"Nilikuomba?" Sauti haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Esperansi. "Miaka arobaini mwanamke yule anamtukana mume wangu na mume wangu anamtukana yeye. Nilikuwa nangojea leo. Toka Jumapili nangojea, nijue atasema nini juu yake. Umenikatia katikati. Nenda kamrudishe. Ukirudi peke yako, pitia chumbani kwako ufunge mizigo. Sitakula matanga yasiyoanuliwa, tena pamoja na mtu aliyenifungia mtani wangu nje."

Akaingia. Mlango haukupigwa, ulifungwa tu.

Basi Esperansi akaenda. Na usidhani alikwenda kwa unyenyekevu. Alikwenda akikanyaga ardhi kama inamdai. Njia nzima alikuwa akijibu watu ambao hawakuwepo: Uliuliza? Niulize nini! Mtu huuliza kile anachojua kwamba hakijui! Aliiona ile nyumba ya shule, geti lake, ukuta wake, sahani moja mezani. Aliona jinsi atakavyobeba magodoro yake kwenye guta mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama, na mtu atasema tu: si wale wa Ulyankulu, hawakai mahali.

Ilimjia ile safari ya Kwihara. Ilikuwa Jumamosi moja, watatu ndani ya bajaji. Mzee alitaka mwalimu auone mji aliouhamia, si kwenda shule na kurudi kama mbuzi wa kamba. Walilitazama lile tembe jekundu la makumbusho, kuta nene, milango ya kuchongwa, wakasomewa habari za Wazungu waliolala mle. Esperansi alipiga picha kila kitu hadi bawaba. Mzee hakujali Wazungu. Aliwatoa nje, akaonyesha kwa fimbo njia ya vumbi iliyokuwa ikielekea mashariki.

"Babu zangu walifungia mizigo hapa," alisema. "Miezi mitatu kwa mguu mpaka pwani, pembe begani. Na wakifika huko wanawakuta babu zake huyu wameketi mkekani, wanasubiri. Mzaramo hajawahi kwenda mahali, mwalimu. Mzaramo anasubiri mahali pamjie."

"Na mlivyofika mlikuwa mnanuka mbuzi!" Bi Shamila alidakia. "Tukawaogesha. Tukawapa nguo. Bila sisi hadi leo ungekuwa umevaa gome la mti, tena ungekuwa na wivu nalo kama sukari yako!"

Esperansi aliona aibu kwa niaba yao wote wawili. Akajifanya anapiga picha mti.

Bi Shamila alikuwa amekaa kizingitini kwake, mitaa miwili kutoka hospitali, ungo wa mchele magotini. Hakuinua macho.

"Shikamoo, bibi."

Chembe za mchele zikaendelea kuchaguliwa.

"Shikamoo, Bi Shamila."

"Asubuhi uliniamkia? Ulipokuwa unanivuta kama mwizi wa kuku, shikamoo ilikuwa wapi?"

"Nimekuja kuomba radhi. Sikujua taratibu. Nilifanya kosa, na ninakuomba kwa heshima..."

"Acha hiyo barua ya kiofisi!" Ungo uliwekwa chini kwa kishindo, mchele ukaruka. Hapo ndipo Esperansi alipogundua kwamba macho ya yule bibi yalikuwa mekundu, yamevimba, kumbe alikuwa akilia kabla hajafika. "Unadhani nimekasirika kwa kusukumwa? Nimesukumwa na mume, nimesukumwa na maisha, wewe kitu gani! Ulidhani nilikuwa nacheza pale? Nilikuwa nalia, mwanamke! Mimi namlilia Ezekia vile. Sina kulia kwingine kwa ajili yake. Nilikuwa na kikohozi, nilikuwa na ufunguo, bado nilikuwa na habari ya siku aliyovamiwa na nyuki kule Goweko akaacha suruali mtini. Nimeipanga usiku kucha! Umenivua koti sijafika hata nusu."

Esperansi alikuja na maneno yake yote yamepangwa, na sasa hakuna lililofaa. Ikamwudhi. Ikamwudhi kuwa na makosa, ikamwudhi kulia kwa mwenzake, ikamwudhi kusimama juani mbele ya kizingiti bila kuambiwa kaa.

"Na mimi je?" alipasuka. "Wewe una mtani wa kumlilia. Mama Julieth ana mtani. Consolatha anao sijui wangapi. Mimi nani alinipa? Miezi minane nasikia kicheko, nikiuliza mnacheka nini mnaniambia hutaelewa! Nikifa mle chumbani kesho, nani atavaa koti langu? Nani hapa anajua hata ninavyokohoa?"

Bi Shamila akafuta pua kwa ncha ya kanga. Alimtazama kuanzia viatu kwenda juu, polepole.

"Mimi najua," alisema. "Unakohoa kama karani mwenye siri." Akanyanyuka, akapangusa unga wa mchele. "Nitakwenda. Lakini sikuombi ruhusa ya nitakalosema. Na nipe hiyo miwani yako."

"Miwani ya nini?"

"Unataka niende au hutaki?"

Walirudi Chemchem, Bi Shamila mbele, Esperansi nyuma akiona dunia yote kwa ukungu. Mkoba wake wa shule nao ulikuwa umechukuliwa njiani, ukaning'inizwa kwenye bega jingine.

Langoni, Bi Shamila hakupiga hodi. Alisimama akangoja mpaka ua wote umemwona. Mama Julieth alitoka akamrushia koti, naye akalivaa na begani pake pamechanika, kisha juu yake akavaa mkoba, na puani akavaa miwani. Akakohoa. Kikohozi kidogo, cha ndani, cha mtu asiyetaka kusumbua.

Consolatha alikuwa wa kwanza kuangua kicheko.

"Bonjuu," alisema Bi Shamila kwa pua, akipita katikati ya viti na kurukaruka vumbi kwa ncha za vidole. "Bonjuu, nyie watu mnaonuka moshi. Haya maji yamechemshwa? Nani kayachemsha? Ana cheti?" Alitoa simu ya hewa, akapiga picha ndoo. Akapiga picha kuku. Akapiga picha kiatu cha mzee wa kanisa, akamwomba akisogeze kwenye mwanga. Watu walishika mbavu. "Mimi si wa Ulyankulu! Mimi nimekuja kwa mkataba!"

Esperansi alisimama kando ya lango, masikio yanawaka. Alijua hatakiwi kuondoka. Akaikunja mikono kifuani asije akaitumia.

Ndipo Bi Shamila alipogeuka, sauti ikabadilika, ikawa ya mama mwingine, laini, ya mtu aliyechuchumaa nyuma ya debe la maharage. "Amahoro, mwananguwe. Nimekusikia ukisema, nimejua wewe ni wa kwetu." Kisha akarudi kwenye miwani, akaiinua pua juu. "Samahani mama, bei gani kilo?"

Kicheko kilipungua hapo. Jambo hilo lilikuwa la kweli. Mwezi wa pili sokoni mama mmoja wa Ulyankulu alimsalimia kwa Kirundi, na Esperansi, aliyekuwa hajaisikia lugha yake kwa wiki saba, akamjibu kwa Kiswahili sanifu na kuuliza bei. Hakumwambia mtu yeyote. Aliwaza kwamba hakuna aliyemwona. Mji huu!

Hasira ilimpanda kutoka nyayoni. Hakuwa akitania, naomba ulielewe hilo. Alitaka kuumiza, kama alivyoumizwa, mbele ya hao hao, na alichokipata karibu na ulimi kilikuwa sauti ya mtu mwingine kabisa, fimbo ikionyesha mashariki.

"Na wewe?" alisema, akaja mpaka katikati ya ua. "Mimi nimetoka kwetu kwa miguu yangu! Wewe miaka arobaini umekaa kizingitini unasubiri watu wafe ndipo upate pa kwenda! Mzee alisema kweli, Mzaramo hajawahi kwenda mahali, anasubiri mahali pamjie. Hata koti umesubiri mpaka mwenyewe azikwe! Livue, tuone chini yake kama umeshafika na nguo yako mwenyewe kutoka Kisarawe, au bado unaingojea treni!"

Esperansi akasema moyoni, basi, nimemaliza, nikafunge mizigo.

Kisha kutoka barazani kikaja kicheko. Kilianza kama mtu aliyepaliwa. Mama Julieth alikuwa amejishika nguzo, kanga imemteleza kichwani, anacheka, na kicheko kikakwama, kikageuka kikawa kilio kile ambacho mtaa ulikuwa unakisubiri tangu Jumapili, kirefu, cha kuita jina. "Ezekia! Ezekia, umesikia wanavyokutumia maneno yako!" Wanawake wakamkimbilia. Mzee wa kanisa alivua kofia, akacheka ndani yake na kulilia humo humo.

Bi Shamila alisimama na miwani ya watu puani. Alimtazama Esperansi, na yule bibi, ambaye si mjinga, alijua vizuri kabisa kwamba lile halikuwa utani.

"Ngoja," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hilo la treni nitakulipa. Omba Mungu nife mimi kwanza."

Akavua miwani na mkoba, akaviweka juu ya tangi la maji, kisha akavua koti. Alilikunja vizuri, akalipeleka barazani, akaliweka mapajani mwa Mama Julieth pamoja na ule ufunguo. "Yamekwisha," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Tumemlilia, tumemtukana, tumemaliza. Fungueni kabati, chai leo iwe na sukari. Na kuku wangu mwekundu, ujira wa mtani, asisahauliwe."

Moto ukachochewa. Masinia yakaanza kupita, wali, maharage, kisamvu cha karanga, ugali kwa wasiotaka wali. Esperansi alichukua miwani yake kutoka juu ya tangi la maji, akaifuta na kuelekea mlango wa chumba cha pili. Bado alikuwa na hasira, na hakujua kama bado ana chumba.

"Mwalimu! Unakwenda wapi?"

Mama Julieth alikuwa mlangoni pa nyumba kubwa, macho yamevimba, koti mkononi. Alikuwa amekasirika bado, usidhani vinginevyo.

"Koti umelichana wewe, utalishona wewe. Kesho, kwa uzi wa khaki, si uzi mwingine. Na Jumamosi utakwenda sokoni kumsalimia yule mama wa maharage kwa lugha yenu, Shamila atakusindikiza kuhakikisha." Akasogea pembeni kidogo, mlango ukawa wazi. Ndani, Bi Shamila alikuwa ameshaketi mkekani mbele ya sinia, amebakiza nafasi ya mtu mmoja na anatazama upande mwingine. "Haya, nawa mikono uingie ule. Chakula kinapoa."